Sultani Aliyetaka Kunukia Peke Yake

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa, au mnapiga miayo? Sogeeni karibu na moto, wenye baridi mbele, wenye ubishi nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, mbwa walipokuwa wakila kiapo kabla ya kupewa kazi ya ubawabu, palikuwa na mji ukiitwa Marashani. Watu wa Marashani walipenda kunukia. Mkulima hakwenda shambani mpaka ajipake halud, na mke wake alimfukizia jembe. Hata punda wa kuchota maji walifukizwa udi kila Ijumaa, na punda asiyefukizwa aligoma kutoka bandani.

Mji huo ulikuwa na Sultani, jina lake Shekuwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke mmoja, Mwana Zume, na waziri mmoja, Mwinyi Chande, na bawabu mmoja, mbwa mzee aliyeitwa Msasi. Macho ya Msasi yalikuwa yameingia ukungu, lakini pua yake iliweza kukwambia ulikula nini juzi na kama ulishiba.

Siku moja Sultani alikwenda harusini. Alikuwa ameinama mlangoni anavua viatu, mara mtu akampiga kofi la mgongo, paa!

"We Kombo! Ndiyo kwanza unafika? Masufuria yako wapi?"

Sultani akageuka. Yule mtu akaanguka chini kama gunia.

"Nisamehe, bwana wangu! Nilisikia harufu ya Kombo mpishi. Halud ni ileile!"

Sultani hakula pilau siku ile. Alirudi nyumbani akaketi akitazama ukuta.

"Mume wangu, una nini?" akauliza Mwana Zume.

"Nanukia kama Kombo."

"Kombo ananukia vizuri."

"Ndicho kinachoniuma!"

Asubuhi yake alikwenda kwa Bi Mwatima, mama mtu mzima aliyewatengenezea manukato watu wote wa mji. Akamwambia, "Bi Mwatima, nataka harufu yangu mimi. Isiwe ya jirani yangu, isiwe ya babu yangu, isiwe ya Kombo."

Bi Mwatima akamwambia, "Zabadi umeijaribu?"

Sultani akaenda msituni kwa Fungo, yule paka wa mwitu, kuomba zabadi. Fungo akampa bila kinyongo. "Chukua, bwana. Mimi hii hunitoka tu." Sultani akajipaka shingoni, akarudi nyumbani anatembea kwa madaha. Kufika alasiri, mafungo watatu wakabisha hodi wakiwa wamevaa vizuri, na mshenga wao mbele.

"Tumekuja kuposa," wakasema.

"Kumposa nani?" akauliza waziri.

"Huyo mwenye harufu. Tumeleta kuku."

Waziri akaingia ndani, akarudi akisema Sultani hataki. Wakaongeza kuku. Sultani akakataa. Wakaongeza tena. Waziri akaingia mara ya tatu akanong'ona, "Bwana wangu, nisikufiche, kuku wenyewe wanono." Sultani akaoga siku ileile.

Akarudi kwa Bi Mwatima. "Jaribu asumini," akaambiwa. Akajipaka mafuta ya asumini ndevuni. Nyuki wakaja, wote, na malkia wao, wakaingia ndani ya ndevu.

"Tumehamia," akasema malkia.

"Lakini hizi ni ndevu zangu!"

"Zilikuwa."

Wakakaa siku tisa. Kwa siku tisa Sultani aliongoza baraza bila kufungua mdomo, na wazee walitoka nje wakisema hawajapata kumsikia akizungumza kwa hekima kiasi kile.

Mara ya tatu alifika kwa Bi Mwatima ndevu zimejaa asali, machozi yanamlengalenga. Yule mama akamhurumia. Akatia kinuni ambari, akatia maua ya mkadi, akatia maganda ya ndimu. Kisha akashusha kibuyu kidogo kutoka darini, akakikung'uta.

"Hiki aliniachia bibi yangu. Sijui ndani mna nini, na bibi yangu naye hakujua. Kimekwisha sasa. Sitaweza kuitengeneza tena."

Ikatoka chupa moja, ndogo kama kidole gumba. Sultani akaifungua, akanusa, akanusa tena.

"Ikoje?" akauliza Bi Mwatima.

"Ni mimi," akasema Sultani. "Ni mimi, lakini mrefu zaidi."

Siku ileile baragumu likapigwa, na Mwinyi Chande akasoma sheria mpya: "Sikilizeni! Mwenye harufu hii ndiye Sultani. Asiyekuwa na harufu hii si Sultani. Na asiyekuwa na harufu hii akisema mara tatu kwamba yeye ni Sultani, atafungwa ndani ya jamvi apelekwe mtoni kwa Mamba."

Mamba alisomewa pia, kwa kuwa ilimhusu, akasema yeye hana pingamizi. Watu wote wakanusa, wakaapa. Msasi akaapa kwa mguu wa kulia.

Basi Sultani akatembea mjini kifua mbele, na hakuna aliyempiga kofi la mgongo tena. Mpaka ikafika Alhamisi moja, alipotoka kwenda kuoga kwenye birika la bustanini, nje ya ukuta. Akavua nguo, akaziweka juu ya jiwe, na chupa yake akaiweka juu ya nguo.

Akapita Beberu, mbuzi wa Mwana Zume. Beberu hakuwa na nia mbaya. Kwa kweli hakuwa na nia yoyote. Alikula kilemba, akala kanzu, akaing'ata chupa ikapasuka, nusu akainywa, nusu ikamwagikia ndevu zake. Halafu akaenda zake nyumbani.

Langoni Msasi akanusa. Akasimama wima.

"Shikamoo, bwana wangu."

"Marahaba," akasema Beberu, kwa sababu alilelewa vizuri, akapita.

Punde akaja Sultani, amejifunga shuka la kuogea, maji yanamtiririka.

"Nani?" akauliza Msasi.

"Mimi Sultani."

Msasi akamnusa magoti. "Nasikia maji matupu."

"Nimetoka kuoga, Msasi!"

"Sultani ameshaingia. Na hiyo ni mara ya kwanza."

Mwinyi Chande akatoka kuangalia kelele ni za nini. Sultani akamrukia. "Chande! Wewe una macho! Niangalie!"

Waziri akamwangalia uso, akamwangalia miguu, jasho likamtoka. "Naona mtu anayefanana sana na Sultani," akasema. "Lakini sheria imetaja pua. Macho haikuyataja."

"Sheria niliitunga mimi! Mimi ndiye Sultani!"

"Hiyo ya pili," akasema Msasi kwa sauti ya huzuni.

Sultani akafungua mdomo. Kutoka mtoni akamsikia Mamba anasafisha koo. Akafunga mdomo.

Akaenda na shuka lake, watu wakimpisha njiani, mpaka kwa Bi Mwatima. "Nitengenezee tena," akasema.

"Kibuyu kitupu, mwanangu."

"Basi mimi nifanye nini?"

Bi Mwatima akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mchi ule pale," akasema.

Shekuwe akaanza kutwanga sandali. Siku ya kwanza mikono ilitoka malengelenge. Siku ya pili yalipasuka. Siku ya tatu zikaja habari za barazani, nazo zilimuuma kuliko mikono.

Ndugu wawili waligombania ua uliotenganisha mashamba yao. Beberu akasikiliza, akashuka kitini, akaenda akaula ua wote. Ndugu wakabaki wanatazamana, hakuna cha kugombania, wakacheka, wakaenda kula pamoja. Mtu mwingine alileta barua ya kughushi ili amnyang'anye mjane nyumba. Beberu akaila barua. "Hukumu imeliwa!" akatangaza Mwinyi Chande, na watu wakapiga vigelegele.

"Sultani amebadilika," wakasema sokoni. "Siku hizi hamkatizi mtu maneno."

Shekuwe alisikia, akatwanga kwa nguvu, vumbi la sandali likamwingia machoni, na hapo akapata kisingizio cha kulia.

Siku hiyo Mwana Zume alikuja, amebeba kanzu safi mkononi. Akasimama mlangoni.

"Wanasema yule ndiye mume wangu," akasema. "Amekula pazia. Amekula mkeka. Leo asubuhi amenitazama kwa heshima, kisha akala mto wangu."

"Na wewe unasemaje, Mwana?"

"Mimi? Kwani ulipotunga sheria uliniuliza?"

Shekuwe akauweka mchi chini. "Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia mimi sikujui kwa chupa. Nakujua kwa unavyokohoa kila unapotaka kusema uwongo." Akampa kanzu. "Vaa. Na kula, umekonda."

Tangu hapo alikuja kila siku na bakuli la uji wa mtama, akakaa naye kwenye kigoda, wakaongea. Zamani hawakuwa wakiongea hivyo, maana zamani kulikuwa na baraza.

Sasa, nyote mnamjua beberu. Harufu yake hailali. Ilipofika siku ya saba, ambari ilichoka, mkadi ulichoka, hata kile kitu cha kibuyuni kilichoka. Msasi akainua pua langoni.

"Mwinyi Chande," akasema, "ndani humo mna mbuzi."

Mji mzima ukashtuka. Kama mle mna mbuzi, Sultani yuko wapi? Baragumu likapigwa, na kila kiumbe mwenye pumzi akaitwa uwanjani kunuswa. Foleni ilizunguka mji mara mbili. Msasi akapita mmoja mmoja.

Akamnusa Kombo mpishi. "Si yeye."

Akawanusa mafungo watatu na kuku wao. "Si hao."

Akamnusa Kiboko, aliyekuja kwa matumaini tu. "Si yeye, na nenda kaoge."

Mwisho kabisa alisimama Shekuwe, na vumbi la sandali mpaka kwenye kope. Msasi akamnusa mikono, akamnusa kifua, akamnusa tena.

"Sandali," akasema taratibu. "Jasho. Uji wa mtama." Akainamisha kichwa. "Si yeye."

Mwinyi Chande akashindwa kujizuia. "Sema basi!" akalia. "Sema wewe ni Sultani! Mara moja tu, labda tutaamini!"

Hiyo ingekuwa mara ya tatu. Mamba alikuwa mstari wa mbele, ameshatandika jamvi lake, analinyoosha kingo. Shekuwe akalitazama lile jamvi. Akakitazama kiti chake kupitia langoni, kimetafunwa mkono mmoja. Akamtazama Mwana Zume, naye alikuwa amesimama mkono kifuani, anasikiliza kama atakohoa.

"Mimi ni Shekuwe, mume wa Zume," akasema. "Natwanga sandali kwa Bi Mwatima."

Wala hakukohoa.

Mamba akakunja jamvi, akasema, "Basi siku nyingine," akarudi mtoni.

Hivyo Marashani ikabaki bila Sultani. Walitaka kuifuta ile sheria, lakini wa kuifuta alikuwa Sultani, na Sultani hayupo. Wakajadiliana mpaka jua likawachoma, wakaona njaa, wakaenda kula. Mwinyi Chande akawa anaandika tu nani amezaliwa na nani ameoa, akanenepa. Kesi ziliendelea kupelekwa kwa Beberu, si kwa usultani tena. Walimpelekea kwa sababu ana njaa na hana upendeleo.

Msasi naye alikosa kazi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulindwa. Asubuhi moja akaja kwa Bi Mwatima anachechemea, akajilaza kando ya kinu.

"Nikuulize kitu?" akasema.

"Uliza," akasema Shekuwe, anatwanga.

"Siku ile langoni. Ulikuwa wewe?"

"Pua yako ilisemaje?"

"Ilisema si wewe."

"Basi si mimi."

"Haya," akasema Msasi. "Si wewe."

Akaweka kichwa juu ya mguu wa Shekuwe, akafumba macho. Lakini mkia wake ulikuwa ukipiga kile kinu, pwa, pwa, pwa, kwa nguvu zote, hata Bi Mwatima akauliza kutoka ndani, "Jamani, nani huyo leo anatwanga kwa furaha hivyo?"

Hadithi yangu imeishia hapo, kinuni. Vumbi lake jipanguseni wenyewe.