Mtihani Ambao Wote Walifaulu

Waraka Namba Kumi na Nne wa Baraza la Waganga wa Wanyama, Kuhusu Upande Sahihi wa Kukalia Benchi la Kusubiria, Marekebisho ya Tatu.

Msishtuke, hiyo nayo ni hadithi. Hebu tusalimiane kwanza.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, mawili mawili.

Mkisikia mnaitwa kwa jina?

Twamtazama kwanza anayeita.

Basi sogeeni. Waliosimama wakae, waliokaa wasisinzie.

Hapo kale, wanyama walipoanza kuandikiana barua, ilitoka amri kwamba hakuna atakayemgusa mgonjwa bila cheti. Anayetoa kupe awe na cheti. Anayesafisha kidonda awe na cheti. Hata anayemkuna mwenzake mgongoni aliulizwa anakuna kwa idhini ya nani. Cheti kilitolewa na Msajili baada ya mtihani, na Msajili alikaa pangoni, chini ya jabali jeupe, mahali ambapo majani hayakuota na ndege hawakulia.

Msajili alikuwa mzee Kakakuona. Ndivyo walivyosema wote. Sauti yake ilijulikana bonde zima, sauti pole, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mzee anayesoma barua huku akitafuta miwani. Kumwona, hakuna aliyekuwa amemwona kwa miaka miwili. Lakini wakubwa wa ofisi ndivyo walivyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Sasa, huko bondeni aliishi Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba. Tiba aliirithi kwa nyanya yake: alijua jani la kushusha homa, jani la kukausha usaha, na jani la kumnyamazisha mgonjwa msumbufu. Asubuhi moja akaletewa ndama wa Nyati. Matezi ya ndama yalikuwa yamevimba chini ya masikio, pumzi zilikuja fupi fupi, na macho yalianza kuingia ukungu. Kalunguyeye akamgusa kwa pua mara moja, akajua. Ndigana, ile homa ya kupe.

"Mama, nimpe dawa," akasema.

"Una cheti?" akauliza Mama Nyati.

"Cheti sina. Dawa ninayo."

"Mwanangu, sisi Nyati ni watu wa sheria. Ndama wangu hatashikwa na mganga wa vichochoroni."

"Kesho jua likichwa atakuwa amekufa."

"Atakufa kihalali," akasema Mama Nyati. Hakusema kwa ubaya. Machozi yalikuwa yanamtoka aliposema.

Kalunguyeye akamtazama ndama. Ndama akamtazama yeye.

"Basi twendeni wote kwa Msajili," akasema. "Nikitoka na cheti, nitamtibia hapo hapo mlangoni."

Wakaenda. Nyati kumi na wawili, ndama akisukumwa kwa pua, na Kalunguyeye mbele, tiki tiki tiki. Walifika jua likiwa utosini, saa ile ambayo vivuli hujificha chini ya miguu ya wenyewe. Nyati wakalala chini ya mteremko. Kalunguyeye akapanda peke yake.

Mbele ya pango palikuwa na benchi, na kando ya benchi alisimama karani. Karani alikuwa Tumbusi, ndege wa mizoga: kipara safi, joho jeusi, kitabu kikubwa kwapani. Alikuwa amenenepa kuliko makarani walivyo kawaida.

"Kaa upande wa kushoto," akasema Tumbusi. "Waraka namba kumi na nne."

"Kushoto kwangu au kushoto kwa benchi?"

"Hilo ndilo lililoleta marekebisho ya tatu."

Kalunguyeye akakaa. Kwenye benchi walikuwapo wawili kabla yake: Yangeyange, ndege mweupe anayetoa kupe migongoni mwa ng'ombe, na Kima, mtoa chawa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafunga mdomo.

"Karani, waliofanya mtihani mpaka sasa ni wangapi?" akauliza Kalunguyeye.

"Kumi na watano."

"Waliofaulu?"

"Kumi na watano."

"Wako wapi?"

"Walitokea mlango wa nyuma."

Kalunguyeye akalitazama jabali. Halikuwa na nyuma. Nyuma yake ulikuwa mlima.

"Namba kumi na sita," akaita Tumbusi.

Yangeyange akajipangusa mabawa, akaingia. Ile sauti pole ikasikika kutoka ndani.

"Jina?"

"Yangeyange."

"Kazi?"

"Kutoa kupe."

"Sogea karibu, sisikii vizuri."

Kimya. Gudu. Kimya. Kisha sauti ya Yangeyange: "Nimefaulu."

Tumbusi akaandika kitabuni: amefaulu. Unyoya mmoja mweupe ukatoka mlangoni, ukatua mchangani taratibu. Upepo haukuwapo.

"Huo mtihani rahisi," akasema Kima. "Dada Kalunguyeye, mimi nikifaulu, wewe nitakutoa chawa bure, wewe na wanao, na wajukuu, na majirani wakitaka."

"Nina miiba, kaka."

"Ndiyo maana nikasema bure."

"Namba kumi na saba," akaita Tumbusi.

Kima akaingia anaongea.

"Jina?"

"Kima, mwana wa Kima, wa ule mkuyu uliopinda, labda umewahi kupita."

"Kazi?"

"Chawa, viroboto, utitiri, na ushauri."

"Sogea karibu, sisikii vizuri."

Kimya. Gudu. Kimya. Kisha sauti ya Kima: "Nimefaulu."

Tumbusi akaandika: amefaulu.

Miiba ya Kalunguyeye ikasimama mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Sauti ilikuwa ya Kima, hilo halikuwa na ubishi. Lakini Kima alikuwa hajawahi kusema neno moja akanyamaza.

"Kaka Kima," akaita, "mmefaulu wote wawili?"

"Nimefaulu," ikasema sauti ya Kima.

"Nimefaulu," ikasema sauti ya Yangeyange.

"Hongereni. Hebu semeni kwa pamoja, tuwafurahie."

Pango likanyamaza, kimya kirefu. Kisha: "Nimefaulu," ya Kima. Kisha: "Nimefaulu," ya Yangeyange. Kisha ya Kima tena. Zilipokezana, zikapokezana, lakini hazikugusana hata mara moja. Na kabla ya kila moja kulikuwa na mlio mdogo, kama wa mtu anayemeza mate.

"Namba kumi na nane," akasema Tumbusi, akiwa amekwisha kuiweka kalamu tayari.

Kalunguyeye akatazama mteremkoni. Ndama alikuwa amelala ubavu sasa, shingo imenyooka, na Nyati wote walikuwa wamemgeuzia macho yeye, sio ndama. Akaingia.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya kitu kilichosahauliwa. Chini ya miguu yake palilia kwacha, kwacha, kwacha. Akapapasa. Yalikuwa magamba, makubwa, makavu, yamelaliana kama vigae. Magamba ya Kakakuona. Ndipo alipoelewa kwamba mzee Msajili aliacha kazi miaka miwili iliyopita, na kwamba iliyobaki kazini ilikuwa sauti yake.

"Jina?" ikauliza ile sauti pole. Nyuma yake yaliwaka macho mawili, na chini ya macho kulikuwa na meno mengi. Alikuwa Fisi.

"Kalunguyeye."

"Kazi?"

"Mganga wa wanyama."

"Sogea karibu, sisikii vizuri."

Kalunguyeye akajikunja, akawa mpira. Fisi akaleta pua. Chwa. Akairudisha pua haraka.

"Jikunjue," akasema Fisi kwa sauti ya Kakakuona. "Kanuni hairuhusu mwombaji kuwa mviringo."

"Nitajikunjua, mzee. Ila nakuonea huruma."

"Kwa lipi?"

"Mimi ni tonge moja, na nusu yake ni miiba. Na pale chini wamelala Nyati kumi na wawili hawana la kufanya."

Kitu kikadondoka gizani. To. To. To. Ulikuwa udenda.

"Nyati wana pembe," akasema Fisi.

"Wakiingia kwa mbele. Lakini mganga mwenye cheti akiwaambia waingie kinyumenyume, mmoja mmoja, kupimwa joto, wataingia kinyumenyume. Joto la nyati hupimwa nyuma, mzee. Hata kwenye mtihani lipo."

Fisi akalamba midomo. Alikuwa anahesabu makalio.

"Ukikimbia je?"

"Nikimbilie wapi? Makazi yangu yako kwenye fomu."

Fisi alikuwa ameendesha ofisi miaka miwili, na jibu hilo lilimtosha. Akavuta cheti, akachovya muhuri, akaugonga. Pwa.

Kalunguyeye akatoka kwa mlango ule ule alioingilia. Tumbusi akabaki na kalamu hewani.

"Unatakiwa utokee nyuma," akasema.

"Nionyeshe."

Tumbusi akafunua waraka baada ya waraka. Hakuonyesha kitu.

Kalunguyeye akateremka mbio, cheti mdomoni, akakiweka mbele ya Mama Nyati. Mama Nyati akakisoma mara mbili, akaunusa muhuri.

"Muhuri ni wenyewe," akasema. "Daktari, mgonjwa huyu hapa."

"Nitamtibu sasa hivi. Lakini kwanza pango lile lizibwe. Mna mwenye kichaa cha mbwa humo ndani. Udenda unamtoka, na anasema kwa sauti zisizo zake."

"Hayo ni mazito, daktari."

"Sitaki mniamini mimi. Nyamazeni mumsikilize."

Wakapanda hadi karibu na pango, wakanyamaza. Huko ndani Fisi alisikia kwato, akangoja makalio, makalio hayaji. Njaa ikamshinda.

"Waingie," ikasema sauti ya Kakakuona.

Nyati hawakusogea.

"Waingie, nimefaulu," ikasema sauti ya Kima.

"Waingie, hapaumi," ikasema sauti ya Yangeyange.

Kisha zikaja nyingine, moja moja, za wale kumi na watano. Waingie, kwa sauti ya Paa. Waingie, kwa sauti ya Kwale. Waingie, waingie.

"Ile ni ya Kanga," akasema Nyati mmoja polepole. "Alimtibu mama yangu jicho."

Nyati wakarudi nyuma hatua moja. Kisha wakainamisha vichwa, wakaliendea jiwe lililokuwa kando ya mlango. Gidi. Gidi. Gidi. Gubu. Pango likazibika.

Tumbusi akasafisha koo. Akafungua kitabu, kwani jambo lisiloandikwa humsumbua tumboni.

"Karantini," akasoma, "huondolewa na Msajili peke yake, kwa barua yenye saini, akiileta hapa nje kwa mkono wake."

"Basi tumngoje Msajili," akasema Kalunguyeye.

Tumbusi akamtazama Kalunguyeye, akalitazama jiwe. Kisha akafunga kitabu, akakaa kwenye benchi, akakunja mabawa. Kungoja anakujua tangu yai.

Kalunguyeye akaponda majani, akayakamua, akamnywesha ndama tone kwa tone, kichwa cha ndama kikiwa juu ya goti la mama yake. Mama Nyati alishika cheti muda wote, akikiangalia kila tone lilipoingia, kama kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.

Siku ya kwanza nyuma ya jiwe ziliita sauti kumi na nane. Siku ya nne zilibaki tisa. Siku ya nane ilibaki ile ya Kakakuona tu, ikiuliza jina, jina, jina. Siku ya tisa ikatoka sauti moja ambayo bonde halikuwa limewahi kuisikia, nyembamba, yenye haya, ikasema:

"Mimi ni Fisi."

Nyati wakaulizana kama yupo anayeijua sauti hiyo. Hayupo. Wakaongeza jiwe la pili.

Mafunzo ya hadithi, wanangu, ni kwamba asiye na cheti asiguse mgonjwa, na mwenye wasiwasi na ofisi autoe wasiwasi huo moyoni, kwani ofisi ile haikumfelisha mtu hata mmoja, na kitabu kipo, kimeandikwa vizuri.

Ngano yangu imechoka, naiweka chini. Atakayeiokota aipanguse vumbi, asiongeze chumvi.

Kilichotokea ni hiki: ndama alipona, Fisi alikufa kwa njaa, na wale kumi na saba hawakurudi nyumbani.