Choo cha Fungo

Kabla ya kumhukumu fungo, tazama choo chake. Mmeisikia methali hii mkacheka, na si vibaya. Hata walioisikia siku ya kwanza walicheka. Lakini kwa kuwa mmeuliza ilikotoka, kaeni niwaeleze ilivyoanza.

Huko Kwemghoma, katika milima ya Usambara, alikuwapo mtegaji aliyeitwa Shekulwavu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kuinama kila mara achunguze kitu kilichopo chini, hata akiwa njiani kwenda msibani. Mkewe alikwisha kuchoka kumhimiza.

Juu ya kijiji palikuwa na mteremko mtupu. Miaka tisa nyuma moto uliteketeza msitu wa upande ule, na tangu hapo chemchemi iliyotoka chini yake ikawa inapungua kila kiangazi. Watu walipanda miche mara mbili, na mara zote mbili jua likaikausha. Mwishowe wakakata tamaa, wakaziachia nyasi mteremko.

Basi mwaka huo fungo akaanza kuingia kijijini. Ni mnyama wa kimo cha mbwa mdogo, ana madoadoa mwilini na weusi machoni kama aliyefungwa kitambaa. Alimchukua jogoo wa Mwajabu, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho kuelekea msituni. Siku mbili baadaye akachukua mitetea wawili. Kuku wale ndio waliokuwa tegemeo la Mwajabu, naye akaenda moja kwa moja kwa mtegaji.

"Kaka Shekulwavu, nataka ngozi yake niikalie," alisema.

Shekulwavu akakubali. Ila kutega bila kujua njia ya mnyama ni kazi bure, kwa hiyo asubuhi iliyofuata alizifuata nyayo, na pale zilipopotea akafuata harufu, maana fungo hupaka mafuta yake makali kwenye mawe na visiki anapopita. Alidhani ataingizwa msituni. Nyayo zikampandisha kule kwenye mteremko mtupu, hadi kando ya jiwe bapa, na hapo akakuta rundo la kinyesi. Fungo hana tabia ya kujisaidia ovyo. Huchagua mahali, akaparudia siku nyingi.

Mtu mwingine angeziba pua, akatega, akaondoka. Shekulwavu alichuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuchokoa. Aliona mbegu za mkuyu. Aliona kokwa za mfudu na za mzambarau mwitu, miti ambayo upande ule haikuwapo tena tangu moto. Palikuwa na magamba ya jongoo, mdudu ambaye hata kuku humkataa, na mifupa ya panya mingi hata akaacha kuihesabu. Na kweli, palikuwa na manyoya mekundu ya jogoo.

Hatua chache mbele, rundo la zamani lilikuwa limekwisha kugeuka udongo, na katikati yake ilisimama mifudu mitatu ya kimo cha goti. Akashangaa. Akatafuta tena, akakuta rundo jingine na mizambarau yake, kisha jingine. Jua lilifika utosini naye hajatega hata kitanzi kimoja.

Akateremka kwa Mwajabu.

"Umemkamata?"

"Bado. Njoo kwanza uone kitu."

"Kitu gani?"

"Choo chake."

Mwajabu alimtazama ajue kama ni mzaha. Alipoona hacheki, akajifunga khanga kiunoni, akamfuata.

"Haya ni manyoya ya jogoo wangu," alisema walipofika.

"Ndiyo. Mwizi ni yeye, sikatai."

"Sasa umenileta nione nini?"

"Miche hii, dada, nani kaipanda?"

"Si mzee Kihiyo? Shamba lake ndilo lililo karibu."

"Nimempitia njiani nikamwuliza. Yeye anadhani ni wewe."

Mwajabu akasogea kwenye miche. Akapiga magoti, akafukua kwa kidole shina la mche mdogo kuliko yote. Kokwa ilikuwa bado imeshika mzizi, na juu yake manyoya ya panya.

"Sisi tulibeba maji mpaka huku," alisema polepole, "na miche yetu ikafa."

"Kuku walikuwa wako, na neno ni lako," Shekulwavu akamwambia. "Ukisema nitege, nitatega leo."

Mwajabu aliangalia chini kwenye chemchemi, ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo wakingoja tone.

"Jogoo wangu simsamehe," alisema. "Lakini nijengee banda juu ya vigingi, lenye komeo la nguvu. Mitego kaitege kwingine."

Habari ilipofika barazani, wanaume wakakasirika. Walitaka fungo auawe kabla hajawamaliza kuku wote. Mwajabu akasimama.

"Aliyeibiwa ni mimi," alisema, "na mimi nimekwenda kutazama. Kabla ya kumhukumu fungo, tazameni choo chake."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata hivyo, kesho yake walipanda mteremko mmoja mmoja, kila mtu na kijiti chake, na walioshuka hawakucheka tena. Mabanda ya vigingi yakajengwa kila nyumba. Miaka ikapita, mteremko ukashika kivuli, na chemchemi ikawa inavuka kiangazi bila kukatika.

Wizi wa fungo haukufutwa. Mwajabu alimwita mwizi hadi uzeeni. Ila hakukubali mtu yeyote apimwe kwa alichochukua tu, kabla ya kuangaliwa alichoacha nyuma. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kumhukumu fungo, tazama choo chake.