Jicho la Kamera ya Mwalimu Siwema

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ile ya kanda za video, Mwalimu Siwema wa Tabora alikuwa na kamera isiyo na jicho. Aliinunua mnadani, nzito kama mtoto wa mbuzi, ya kizamani hata kwa siku hizo, na lenzi yake ilishapotea. Alikuwa pia na timu ya mpira ya wanawake, Nyuki, nayo imeingia fainali ya kombe la mtaa. Wakubwa wa mpira wakamcheka: "Wanawake wana mpira gani? Tuletee mkanda tuone, ndipo tutawaandikisha kwenye ligi."

Mwalimu akatangaza mbele ya timu na mtaa mzima: "Atakayeifanya kamera hii ione kabla ya fainali ya Jumamosi, mechi ikiisha ni yake."

Wa kwanza kufika alikuwa Bwana Ludoviko, mwenye studio ya picha, aliyejiita mtaalamu kwenye kadi aliyoichapisha mwenyewe. Alikuwa na lenzi moja nzuri, urithi wa baba yake, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Siku hiyo aliitoa. Akaisukuma kwenye mdomo wa kamera, ikagoma. Akasukuma tena, ikagoma.

"Lenzi ni lenzi, Mwalimu. Nipe nyundo."

"Nyundo ukapigie kadi yako."

Wa pili alikuwa Mzee Kasuka, fundi redio. Yeye hakusukuma kitu. Aliweka karatasi juu ya mdomo wa kamera, akasugua kwa penseli mpaka umbo likajichora.

"Kamera ina meno matatu," akasema. "Lenzi yake huingizwa, ikazungushwa robo. Hii ya Ludoviko ina nyuzi kama boliti. Hawa hawaoani bila mshenga. Wanataka adapta: pete yenye meno huku, nyuzi huku." Akaichora.

Wa tatu alikuwa Milembe, mkerezaji wa vyuma katika karakana ya reli, na golikipa wa Nyuki. Akaikereza pete ile siku mbili, mazoezi yakampita.

Jumamosi asubuhi wakaifunga lenzi kwenye kamera. Meno yakaingia, tak! Nyuzi zikazunguka, laini kabisa. Mwalimu akaiunganisha na televisheni, akawasha. Ukungu mtupu.

"Binti kaharibu," akasema Mzee Kasuka.

"Mchoro ni wako, Mzee. Nimeufuata mpaka unywele."

"Nyote mmenipotezea wakati!" akafoka Ludoviko, akaanza kuifungua lenzi yake aende zake. Akazungusha mara moja, na kwenye televisheni kuku wa uani akaota manyoya.

"Hapo hapo!" Milembe akamdaka mkono kama anadaka penalti. "Lenzi ikitoka nje kidogo inaona! Mzee, ulipima upana wa pete, unene hukupima. Ni nyembamba mno."

Mzee Kasuka akashika kichwa. Milembe akakata duara la bati lenye tundu katikati kwenye kopo la maziwa, akalivisha kati ya pete na lenzi, akakaza. Kuku akaonekana hadi ukucha.

Alasiri Mwalimu akabeba kamera begani. Nyuki wakashinda moja bila, na dakika ya mwisho Milembe akapangua penalti. Jumatatu wakubwa wakautazama mkanda. Wakaurudisha nyuma, wakautazama tena. Hakuna aliyecheka. Wakaiandikisha timu, na mji mzima ukaimba mpaka sauti zikakauka.

Ndipo watatu wakamfuata Mwalimu.

"Jicho ni langu," akasema Ludoviko, "na mkono uliolifumbua ni wangu."

"Ulilifumbua ukikimbia nalo," akajibu Mzee Kasuka. "Mimi ndiye niliyeutambua mdomo. Bila mimi mngekuwa bado mnatafuta nyundo."

"Mdomo uliutambua, unene ukausahau," akasema Milembe. "Pete nimekereza mimi. Bati nimekata mimi. Na mnachokitazama kwenye mkanda ni mimi."

Mwalimu Siwema, aliyekuwa na jibu la kila mtihani, akaweka mkono juu ya kamera, akawatazama mmoja mmoja. Ahadi aliitoa kwa mtu mmoja. Na msiseme kila mtu achukue chake: Ludoviko aondoke na lenzi, Milembe na pete, Mzee na karatasi yake, kamera itabaki kipofu kama mwanzo.

Haya, nyinyi mliosikia yote: mkono wa Mwalimu ungekuwa wenu, mngemkabidhi nani kamera?