Tangawizi ya Jirani

Mama mmoja alikuwa na shamba la tangawizi katika kijiji kilichokaa juu mlimani, mahali ambapo barabara huishia na vijia huanza. Jina lake Nanzia. Mumewe alikwisha kufariki, na watoto wake walikuwa na maisha yao mbali. Lakini mikono yake ilikuwa bado na nguvu, na tangawizi yake ilitoka ardhini nono, yenye harufu iliyowafikia wapita njia.

Kijiji hicho kilikuwa na uwanja wa gulio, ambao wazazi wa wanakijiji waliusawazisha kwa majembe. Zamani watu walijaa pale kila Jumatano. Kisha Mbonea, muuza sukari, akaezeka nyumba yake kwa bati jipya. Watu wakalitazama lile bati likimeta juani, wakaambiana, "Kumbe ni sisi tunaomwezekea." Hakuna aliyemgombeza. Waliacha tu kununua kwake, hadi akafunga vitu vyake akahama. Aliyemfuata alikuwa fundi cherehani, na baada yake mfinyanzi wa vyungu. Kila aliyeanza kuinuka alikuta wateja wamempungukia. Mwishowe wote wakawa wanateremka kwenye gulio la bondeni, mwendo wa saa tatu kushuka na zaidi ya hizo kupanda, mizigo kichwani. Vikongwe wasioweza kushuka wakala mboga isiyo na chumvi. Mavuno ya waliochoka yakaozea ndani.

Nanzia peke yake hakuuacha uwanja. Kila Jumatano aliufagia, akatandika gunia, akapanga tangawizi mafungu mafungu, akaketi. Majirani walipita na mizigo yao. Walimsalimu vizuri, "Umeamkaje, dada?" kisha wakashika kijia cha bondeni. Jioni aliyarudisha kikapuni mafungu yaleyale. Njaa haikumsumbua, maana shamba lilimlisha. Kilichomla moyo ni kukaa kutwa nzima asisikie mtu akimwuliza bei. Siku nyingine alijikuta akiitaja mwenyewe kwa sauti, na mbele yake hapana mtu. Akaona haya, akanyamaza.

Mwaka mmoja akaja mnunuzi mwenye lori. Aliwaambia watu mkutanoni, bila maneno mengi, "Jumatano ijayo nikikuta wauzaji kumi uwanjani, gari litapanda hapa kila wiki. Nikikuta pungufu ya hapo, sitarudi. Mafuta ya kufika huku ni mengi."

Nanzia alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Siku zilizofuata alipiga hodi nyumba tisa, moja baada ya nyingine. Kote alikaribishwa kiti, kote akaambiwa, "Bila shaka, dada, tutakuja." Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nakijwa, jirani yake wa karibu kuliko wote, ambaye ujanani walizaa wakati mmoja na kubebeana watoto. Nakijwa alimshika mkono akasema, "Mimi nitakutangulia."

Jumatano ile Nanzia alifika kabla umande haujakauka. Alifagia nafasi kumi, yake na za wale tisa, akaziachia njia katikati ili wanunuzi wapite. Akashusha gunia lake, akaketi kwenye nafasi ya mwisho ili wageni wakute za mbele zimejaa watu.

Hakuja mtu. Na haikuwa kwamba walisahau. Wote tisa walikuwa wamekwisha kufunga magunia yao, na yalikuwa mlangoni. Lakini kila mmoja alisimama akichungulia njia, aone nani ametangulia. Kila mmoja aliwaza moyoni, "Kwa nini gunia langu ndilo lilete gari litakalobeba na la fulani?" Jua likapanda, na milango tisa ikabaki nusu wazi.

Lori likafika. Mnunuzi akashuka, akaziona zile nafasi kumi zilizofagiwa na mama mmoja aliyeketi mwishoni. Alingoja naye hadi adhuhuri. Nanzia aliendelea kumwambia, "Wako njiani, baba, ni mlima tu," huku akijua kwamba nyumba zote zile zinaonekana kutoka pale walipoketi. Mwishowe yule mtu akasema kwa upole, "Mama, wewe peke yako hujazi gari." Akaondoka. Muungurumo wa lori ulisikika kwa muda mrefu likiteremka, kisha ukapotea, na Nanzia akaendelea kuketi, kwa sababu hakujua ainukie kwenda wapi.

Jioni watu walisema yule mnunuzi alikuwa mwongo kama wengine waliomtangulia.

Wiki iliyofuata Nanzia hakwenda uwanjani. Alijitwika tangawizi yake akashuka bondeni, akipumzika kila penye jiwe la kukalia, maana magoti yalikuwa si yale ya ujana. Alipata nafasi pembeni mwa gulio, kati ya watu asiowajua. Hata kabla jasho halijamkauka, kivuli kikaangukia mafungu yake, na sauti ikauliza, "Tangawizi hii unauzaje?"

Aliinua uso. Alikuwa Nakijwa.

Neno ambalo Nanzia alikuwa akilingojea kwa miaka lilikuwa limefika, na halikumpa furaha yoyote. Akamwuliza, "Nakijwa, miaka yote hii nimekaa nayo hapo mlangoni kwako. Mbona hukuinunua?"

Nakijwa aliinamisha macho. Hakuwa mwanamke mbaya, na hakutaka kusema uongo. Akajibu, "Kule, dada, ningeonekana ninakutajirisha. Huku ninanunua tu."

Nanzia alimfungia tangawizi yake, akamwongezea na kipande, kama ilivyo ada ya wauzaji. Jua lilipopinda walipanda mlima pamoja, mmoja mbele na mwingine nyuma. Tangawizi iliyoshuka asubuhi kwenye kichwa cha Nanzia ilipanda jioni kwenye kichwa cha Nakijwa, ikarudi hadi jirani na shamba ilikochimbwa. Walipoachana njiapanda, Nanzia aliingia kwake akafunga mlango, na akiwa ndani akasikia kinu cha Nakijwa kikiitwanga.

Ndugu zangu, kutoka mlango wa Nanzia hadi mlango wa Nakijwa ni hatua arobaini. Niambieni basi, ni nani aliyezifanya kuwa safari ya kutwa?