Vyungu Vyekundu kwenye Lango la Mbwera

Hapo zamani, na wanaosinzia waamke, nzige waliivamia nchi ya Mbwera. Watu wake wakakimbilia Kivuma, wakalishwa huko mpaka mvua iliporudi. Kwa shukrani Mbwera ikaahidi: chungu cha Kivuma kitapita lango letu bure. Cha nchi nyingine, nusu ya mzigo inabaki langoni.

Miaka ikapita. Udongo wa Kivuma ukaisha, kuni zikaisha, ahadi haikuisha. Nambeye, mfinyanzi wa Kivuma, akamwendea Sekela wa nchi jirani ya Ulongo. Sekela akachimba udongo, Nambeye akafinyanga, Sekela akachoma. Watu wa Mbwera walikuwa wakinunua vyungu kwa mbegu, na mbegu hizo wafinyanzi hao wawili wangegawana.

Nambeye alifika langoni pamoja na Sekela, shingo ikimuuma kwa mzigo. Nyumbani aliacha watoto na shamba lililolimwa, halina kitu. Nusu ya mzigo ikibaki, mbegu hazitatosha, na mawingu yalishatanda.

Mwakalobo, mlinzi wa lango, akakwangua kitako cha chungu kwa ukucha. "Dada, udongo huu mwekundu. Udongo wa Kivuma ni mweusi."

"Udongo wa Ulongo, mikono yangu. Umewahi kuona udongo ukijifinyanga, kaka?"

"Na wewe umewahi kupikia kwenye tope?" Sekela akadakia. "Bila moto wangu hicho si chungu. Kama ni bure, na Ulongo itajwe!"

Nambeye akamkanyaga mguu anyamaze. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tupokigwe, mfinyanzi wa Mbwera aliyeuza vyungu vyake hapo hapo, akainuka. "Bure, bure! Waliokula Kivuma ni nchi nzima. Anayelipa shukrani ni mimi peke yangu, vyungu vyangu vinajaa vumbi."

"Mama yangu alikulisha uji, Tupokigwe," Nambeye akasema.

"Alinilisha, na Mungu amlipe. Uji ulikuwa wa Kivuma. Vyungu hivi ni vya nani?"

Nambeye akainua macho, akaangalia mawingu.

Mwakalobo akainua gogo lililofunga lango, akalifikisha kifuani, akasita. Akiliinua lote, vyungu vikapita bure, Tupokigwe atalala njaa. Akilishusha, atachukua nusu, na shamba la Nambeye litabaki na magugu. Tone la kwanza likamdondokea mkononi.

Haya, nyie mliokaa mkinisikiliza, gogo ni zito na mtu amechoka kulishika. Aliinue au alishushe? Na ile shukrani ya Mbwera, nani hasa anaidai?