Mama Kakakuona na Ukili wa Mfalme

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo kujibu huko? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walisuka ukili wa mikeka ya mfalme Simba, wote barazani kwake. Walisuka wakipiga soga. Simba akachoka na makelele. Akanguruma, "Kila mtu akasukie kwake!"

Mama Kakakuona alifurahi jamani! Akabeba miyaa yake ya kusukia, akashuka nayo hadi chini kabisa ya shimo lake. Akajikunja, kidevu tumboni, akasuka. Chaka, chaka, chaka.

Alikuwa na mtoto mmoja, Kidawa. Mtoto wa kakakuona hupanda mkia wa mamake, wakaenda pamoja kichuguuni kula mchwa. Kidawa akaja.

"Mama, twende kichuguuni."

"Ngoja nimalize ukili huu."

Chaka, chaka, chaka. Ukiisha huu, anaanza mwingine. Kidawa akaja tena. "Mama, nina njaa."

"Ngoja, mwanangu."

Ngoja, ngoja! Mtoto anashiba ngoja?

Jirani yao Muhanga, aliyewachimbia shimo lile, akapiga hodi. Akaingia, akajikwaa. Puu!

"Mama Kidawa! Giza gani hili? Nilikuchimbia shimo la kulala, si la kusukia! Na mbona umejikunja hivyo?"

"Kaka Muhanga, sisi kujikunja ni asili yetu."

"Mnajikunja mkiogopa! Huo ukili unang'ata?"

Mama Kakakuona akazidi kusuka. Chaka, chaka.

Muhanga akaguna, akaenda mlangoni kuchimba. Fuku, fuku, fuku! Akapanua mlango, mwanga ukaingia, upepo ukaingia. Akashindilia udongo, akatengeneza kiti kizuri cha kuegemea.

"Sukia hapa. Ukichoka, inuka. Na hata usipochoka, inuka! Mpeleke mtoto akale."

"Ahsante, kaka. Nimesikia."

Amesikia! Kesho yake Muhanga akapita, akakuta nini? Kiti kimeanikwa miyaa. Mwenyewe yuko kule kule chini, gizani, chaka, chaka, chaka. Muhanga akashika kichwa. Hata mimi ninayesimulia nimeshachoka naye!

Basi Kidawa akalia kwa njaa mpaka sauti ikamkauka. Hapo ndipo mamake akatupa ukili. "Haya, panda mkiani twende."

Kidawa akapanda. Mama akajinyoosha. Ka! Mgongo ukakataa. Akajaribu tena. Ka! Akaviringika, mtoto akaanguka chini, tii!

"Yalaa! Kaka Muhanga, nisaidie!"

Muhanga akamkokota hadi mlangoni, akamkanda mgongo. Wapi! Akachuchumaa, akamwambia Kidawa, "Panda mkia wangu, nikupeleke."

Mama akaumia moyo. Akasema kwa upole, "Kidawa, kaa na mama kidogo. Mgongo ukilegea nitakupeleka mwenyewe."

Kidawa akamtazama. "Hapana, Mama. Wewe suka tu."

Akapanda mkia wa Muhanga, wakaenda.

Mama Kakakuona akabaki pale, amejikunja, hawezi hata kugeuza shingo amwone mwanawe akiondoka. Akalia sana.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: kazi ikihamia nyumbani, itengee mahali penye mwanga, kaa vizuri, na uinuke ungali unaweza kuinuka. Waliomo nyumbani wanakungoja, na hawatangoja milele.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na nyie mmekaa kutwa, inukeni!