Hasara ni Juu ya Mwenyewe

Paukwa!
*Pakawa!*
Kiliingia?
*Kikaingia!*
Kikatoka?
*Kikatoka!*
Kikatoka kizima?
*Aka! Tuambie wewe!*

Basi kaeni vizuri, na anayesinzia asinzie kwa adabu.

Hapo kale, si kale sana maana magari yalikuwepo, Kiboko alifungua mashine ya kuosha magari kando ya mto. Mashine ya kujiendesha yenyewe: hakuna ndoo, hakuna kitambaa, hakuna mkono wa mtu. Gari linaingia upande huu na vumbi, linatoka upande ule linang'aa. Na chochote kikidondoka humo ndani, Kiboko hukiokota. Kifuniko cha tairi? "Changu." Waipa? "Yangu." Eriali? "Yangu." Nyuma ya nyumba yake palikuwa na lundo la vitu hivyo, hana kazi navyo hata kimoja, ila kuvitazama na kushiba.

Alhamisi moja akaja Bi Kindi na gari lake dogo la rangi ya korosho. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, na bibi harusi alipaswa kuvuka daraja kwenda kwa wakwe, ukoo wenye midomo ambao ukiwapelekea gari safi watauliza kwa nini halikupigwa pasi.

"Funga vioo," akasema Kiboko. "Weka gia nyutro. Mikono magotini. Usiguse kitu."

Bi Kindi akafunga vioo. Akaweka nyutro. Mikono magotini. Hakugusa kitu.

Fyuuu, maji. Foko foko foko, povu. Vuru vuru vuru, brashi. Bi Kindi akajiona yumo tumboni mwa wingu. Mara brashi ya kulia ikakohoa. Kwaruu! Kwaruu! Ka-cha!

Gari likatoka linang'aa, na sikio moja. Kioo cha pembeni cha kulia kilikuwa kimebaki ndani.

"Mzee Kiboko! Mashine yako imening'olea kioo!"

"Mashine yangu haing'oi, inaosha. Kioo chako kilitaka kuondoka siku nyingi, leo kimepata sababu."

"Kilikuwa kimekaza!"

"Kinachokaza hakitoki. Kimetoka, basi hakikukaza. Mama, kusoma unajua?" Akamwonyesha kibao kikubwa mlangoni: HASARA YOYOTE NI JUU YA MWENYEWE. KWA AMRI.

"Amri ya nani?"

"Ya kibao."

"Basi nipe hicho kioo changu niondoke nacho."

"Kimeangukia kwangu. Changu."

Bi Kindi akarudi kwenye gari, mkia umelala. Darajani alisimama Nyumbu wa trafiki, asiye na huruma wala ndugu: gari lisilo na kioo halivuki. Bibi harusi angevuka kwa miguu, shela linaburura matope, na wakwe wangepata la kusimulia miaka kumi.

Akaenda kwa Kobe, Afisa wa Malalamiko ya Magari na Mambo Yanayofanana Nayo. Ofisi ya Kobe ilikuwa mgongoni mwake, kwa hiyo hakuwahi kuchelewa kufika kazini. Alichelewa mengine yote. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza jina, akasikiliza tena toka mwanzo.

"Bi Kindi," akasema, "ofisi hii haitazami kilichotokea. Inatazama kilichoandikwa. Kibao kinasemaje?"

"Hasara yoyote ni juu ya mwenyewe."

"Basi ni juu ya mwenyewe."

Bi Kindi akafungua mdomo alie. Akaufunga. Mkia ukasimama, wima.

"Bwana Afisa, na huyo mwenyewe ni nani?"

Kobe akatoa kichwa nje, jambo ambalo hakulifanya ila kwa maswali yenye fomu. "Mwenyewe ni yule anayekiri kwa kinywa chake, mbele ya afisa, kwamba ni yeye. Fomu namba tisa."

"Ichukue hiyo fomu, Bwana Afisa. Kesho nitakubeba."

Akambeba kweli, kwa maana kwa mwendo wa Kobe wangefika bibi harusi ana wajukuu. Akamweka chini ya kibao, na waliomwona walidhani ni jiwe la kuzuia tairi. Foleni ya magari ilikuwa ndefu. Bi Kindi akapaza sauti:

"Hodi! Jamani, mwenyewe yupo?"

"Nani anauliza?" akanguruma Kiboko.

"Ni mimi, Mzee Kiboko. Shikamoo. Wewe endelea na kazi, mimi namtafuta mwenyewe."

"Mwenyewe gani tena?"

"Mwenyewe wa mashine. Mjini wanasema ni Mamba, wewe umewekwa hapa kulinda tu."

Kiboko akavimba, na alikuwa amevimba tangu azaliwe. "Mamba! Mamba ana nini? Mwenyewe ni mimi!"

"Mashine?"

"Yangu!"

"Na maji?"

"Yangu!"

"Na povu?"

"Langu!"

"Na kibao hiki kizuri?"

"Changu! Nimekiandika kwa mkono wangu!"

"Na kioo kilichodondoka jana? Maana Mamba naye..."

"Changu! Chaaangu! Kila kitu hapa, mwenyewe ni mimi! Anayebisha ajitokeze!"

Akajitokeza jiwe la kuzuia tairi, polepole, na fomu namba tisa.

"Umekiri?" akauliza Kobe.

"Nimekiri! Tena niandikie kwa herufi kubwa, Mamba asome!"

"Tia sahihi."

Akatia, kalamu ikapinda. Kobe akaupulizia muhuri pumzi. Pa! Kisha akainua shingo, akasoma kibao neno kwa neno, kama anayehesabu mbaazi. "Hasara. Yoyote. Ni juu. Ya mwenyewe." Akageuka, kugeuka kukachukua muda. "Hasara ipo, kioo kimoja. Mwenyewe amepatikana."

"Lakini mwenyewe ni mwenye gari!"

"Ungeandika 'mwenye gari'. Nafasi ilikuwepo."

Foleni ikapiga honi za kicheko. Kioo cha Bi Kindi kilipotolewa kilikuwa unga mtupu, na harusi ilikuwa kesho. Ikabidi Kiboko afungue kioo cha lori lake, kipana kama sinia la pilau, akifunge kwenye kigari cha rangi ya korosho kwa mikono yake. Wenye foleni nao wakazunguka nyuma ya nyumba, kila mmoja akatoka na chake.

Jumamosi, darajani, Nyumbu akakipima kioo kwa macho. "Sheria inasema kiwepo," akasema. "Haisemi kisizidi. Piteni."

Lelelelele! Bibi harusi akachungulia kwenye sinia lile: akajiona yeye na shela lake jeupe, akawaona wapiga ngoma wote. Nyuma kabisa akamwona Kiboko kwenye lori la sikio moja, amesimamishwa na Nyumbu, anatafuta leseni.

Funzo, wanangu: mnyonge asibishane na maandishi. Na gari likichafuka, liacheni, vumbi halina brashi.

Hadithi nimeitua hapo. Utamu wake gawaneni. Ikiwachubua popote, hasara ni juu ya mwenyewe. Na msije mkaniuliza mwenyewe ni nani, leo sisemi kitu.